Chumvi ya Milango Saba

Katika nchi ya Tandavuma, ambayo wachora ramani huiruka kwa sababu wino huwaishia wakishamaliza kuchora majumba ya wakubwa wake, upo mji uitwao Sharumba, uliojengwa juu ya kilima kimoja tu, na ambao hapo zamani nyumba zake zilibanana kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande wa mashariki aliambiwa "Afya!" na mtu wa magharibi asiyemjua hata kwa sura. Watu wa Sharumba hawakuwa hodari wa vita wala wa biashara, lakini walikuwa na akili moja iliyowazidi walimwengu wengine wote: hawakununua nyumba kwa macho. Paa likivuja, walisema, hupigwa bati, na ukuta ukipasuka huzibwa kwa udongo. Je, jirani akipasuka, utamziba kwa kitu gani? Kwa hiyo mnunuzi, kabla hajauliza idadi ya vyumba, aliketi kwanza kwenye baraza ya nyumba ya pili akategea sikio: nani anamgombeza nani, nani anatwanga kisamvu saa ngapi, nani aliazima kinu akakirudisha bila mchi. Bei iliulizwa mwisho kabisa, tena kwa aibu kidogo.

Na kwa kuwa majirani nao wana haki ya kuchagua, ikawekwa mila ya chumvi. Mnunuzi alibeba bakuli lililofunikwa kitambaa, akabisha milango saba iliyo karibu na nyumba anayoitaka. Kila jirani alipitisha ngumi chini ya kitambaa na kuachia alichonacho: anayemkaribisha aliachia chumvi, asiyemtaka aliachia majivu, na hakuna aliyeona ngumi ya mwenzake. Kisha mwenye nyumba alipika maharage kwa kile kilichomo bakulini, na mnunuzi akaketi mlangoni kuyala mbele ya watu mpaka sufuria iishe, bila kukunja uso. Chumvi ikiwa imekolea, majirani walitoa vijiko mifukoni wakamsaidia, na sufuria iliisha kabla maneno hayajanoga. Ikiwa ni majivu, vijiko vilibaki mifukoni, na mgeni aliaga kwa heshima akaenda kutafuta nyumba mtaa mwingine.

Mji huo ulitawaliwa na Mtukufu Shibwende, Mlezi wa Milango Yote, mtu mwenye tumbo la amani na masikio ya vita. Aliingia Sharumba kijana, akapewa chumvi ya milango saba bila hila, na akakaa vizuri mpaka alipopata cheo. Tangu siku hiyo majirani wakaanza kumkera. Jirani wa kulia alikaanga dagaa. Wa kushoto alikuwa na mtoto mwenye koo zuri la kulia. Wa mbele, na huyu ndiye aliyekuwa na kosa kubwa kuliko wote, alikuwa na dirisha, na kupitia dirisha hilo aliyaona mchana kweupe magunia ya ghala la umma yakiingia nyumbani kwa Mtukufu. Akamnunua wa mbele, akabomoa ukuta, na alipovuta pumzi ya raha akakuta nyuma ya ukuta kuna jirani mwingine, naye ana dirisha. Akamnunua huyo pia. Hivyo ndivyo mtu anavyonunua mji mzima kwa kutafuta utulivu. Askari walisimama kando wakati chumvi ikitolewa, na chumvi ya woga nayo ni chumvi. Vijiko vilitoka mifukoni vikitetemeka, karani akapiga muhuri, na watu wakavuka mto kwenda ng'ambo kujenga upya, wakiendelea kuazimana vinu.

Baada ya miaka ishirini Mtukufu alikuwa na nyumba mia nne na kumi na mbili, na jirani mmoja.

Jirani huyo alikuwa Bi Mwanakheri, mpishi wa arusi, mjane, mwenye vyumba viwili na ua uliojaa masufuria makubwa yaliyofunikwa kifudifudi, kwa kuwa waliokuwa wakioana walishahama. Alizaliwa katika nyumba hiyo, akazaa humo, na jeneza la mumewe lilitokea mlango huohuo. Alikuwa pia na jogoo aliyezoea kuwika kila Mtukufu alipofungua kinywa kuhutubia, na watu, Mungu awasamehe, walikuwa wakimpigia makofi jogoo. Sheria ya Sharumba, aliyoitunga Mtukufu mwenyewe, ilisema kwamba mtu ambaye nyumba yake imetakiwa na Ikulu ahesabiwe amekwisha kukubali. Karani wa Nyumba, Bwana Mfaume, akatumwa kumpelekea mama huyo habari hiyo njema.

"Bi Mwanakheri, Mtukufu anaitaka nyumba yako."

"Naijua hamu yake. Ilianza na dagaa. Mwambie akaombe chumvi."

Karani akarudi Ikulu na jibu hilo.

"Ifute hiyo mila!" akafoka Mtukufu.

"Inafutika, Mtukufu, hilo halina shida. Shida ni kwamba hati zako zote mia nne na kumi na mbili zina muhuri wa chumvi. Chumvi ikiwa upuuzi, basi nyumba hizi ni…" Bwana Mfaume akautazama mlango. "Ni za watu, Mtukufu."

Basi bakuli likaletwa, la fedha. Mtukufu akatoka nalo kwa fahari, akafika mlango wa kwanza, akabisha. Kimya. Akakumbuka kwamba nyumba ile ni yake, na milango mingine sita pia ni yake. "Vizuri," akasema, "mimi ndiye jirani, nitajipa." Akaliweka bakuli kizingitini, akazunguka mbio kupitia uani, akafungua mlango kwa ndani, ngumi imejaa chumvi, na hakumkuta mtu wa kumkaribisha. Alizunguka hivyo mara tatu, akihema, huku jogoo akimtazama kutoka juu ya sufuria.

"Mila inataka watu wawili, Mtukufu," karani akasema kwa upole. "Na jirani ni yule aliyenyeshewa na masika moja akiwa chini ya paa hilo."

Hapo ndipo Mtukufu alipofanya kosa ambalo mtu wa Sharumba peke yake angeweza kulifanya. Aliwaamuru mawaziri wake saba wahamie katika nyumba zile saba kwa masika moja, ili wapate haki ya ujirani na kumpa chumvi. Wakahamia, wakinung'unika, wakiongozwa na Waziri wa Maghala, Bwana Bakunda, aliyekuja na kitanda ambacho hakikupita mlangoni.

Masika ikaanza. Mapaa mia nne na kumi na mawili ya Ikulu yalikuwa na mifereji, na mifereji yote, kwa hekima ya mhandisi fulani, ilimwaga maji katika kichochoro cha Bi Mwanakheri. Usiku wa kwanza mawaziri walilala juu ya meza. Asubuhi Bwana Bakunda aliandika barua Ikulu kuomba mifereji igeuzwe, na jibu lilimjia siku ileile: "Malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi." Aliisoma mara mbili. Sentensi ile alikuwa ameitunga yeye mwenyewe, miaka kumi na mmoja iliyopita, na wakati ule ilimpendeza sana.

"Jirani," Bi Mwanakheri akamwita kutoka uani, "acha barua. Shika jembe."

Wakachimba mtaro pamoja, mawaziri saba na mpishi mmoja. Kuni zao zilipolowa aliwapa moto wa kuazima. Walipopata homa aliwapikia uji wa pilipili manga. Na Waziri wa Habari, mtu asiyewahi kumsikiliza yeyote, alijua kufikia wiki ya tatu kwamba Bi Mwanakheri hukohoa kabla ya mvua, akawa akisikia kikohozi hicho anachukua jembe. Jogoo hakuwawikia hata mara moja.

Masika ikaisha. Siku ya chumvi, watu wa ng'ambo walivuka mto kuja kutazama. Mtukufu akapita na bakuli lake la fedha, akabisha, na safari hii milango ikafunguka. "Karibu, jirani," wakasema mmoja mmoja, kila mmoja akipitisha ngumi chini ya kitambaa na kuitoa ikiwa tupu. Bwana Bakunda alikuwa wa mwisho. Aliiacha ngumi yake mle ndani kwa muda mrefu kidogo, kisha akajipangusa mkono kwenye kanzu, na kwa kuwa kanzu ilikuwa na matope ya mtaro, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika alijipangusa nini.

Bi Mwanakheri alikuwa ameinjika maharage kwenye sufuria yake ya arusi za watu mia tatu.

"Sufuria yote hii?" akauliza Mtukufu.

"Mila haikutaja ukubwa," karani akamjibu, akitazama mbinguni.

Bi Mwanakheri akaumimina ule unga wa bakulini bila kuuangalia, akakoroga, akapakua, akaweka. Alijua kwamba sufuria ile ikiisha hana tena mahali pa kurudi. Mtukufu akaketi kizingitini, akapeleka kijiko cha kwanza kinywani. Umati ukamtazama usoni. Uso haukukunjamana, miaka ishirini ya kuhutubia humfundisha mtu kushika uso wake. Akala cha pili. Cha kumi. Akainua macho kuwatazama mawaziri wake saba, waliosimama mbele yake kwa mstari, mikono mifukoni, na mifukoni, kila mtu aliona, mlikuwa na vijiko.

"Karibuni," akasema Mtukufu Shibwende. Hilo ni neno ambalo hakuwahi kulisema kwa jirani yeyote, na lilimtoka kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyesogea. Jogoo akawika.

Wapo wanaoapa kwamba yalikuwa majivu matupu, na wapo wanaosema ilikuwa chumvi safi, ila chumvi haiwezi kumlia mtu sufuria ya watu mia tatu. Mimi sikuonja. Ninachojua ni kwamba akiinuka, biashara imekufa, akikunja uso, imekufa, na mpaka sufuria iishe, nyumba ni ya Bi Mwanakheri, ambaye ameketi karibu na moto na upawa mkononi, na kila kijiko kinapoliwa huuteremsha upawa na kukoroga chini ya sufuria, akisema, "Kula, jirani. Bado yapo."