Sufuria ya Bosco

Sitaki kusikia mtu akisema ugali ni maji na unga tu. Nimepika miaka ishirini na miwili katika nyumba ya Mama Janice huko Lavington, mtaa wa matajiri, na siku niliyokaribia kuaibika jikoni mwangu mwenyewe, maji yalikuwepo na unga ulikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka ule gesi ilipoadimika Nairobi. Mama yake Dalmas alikuwa anakuja kutoka Siaya kumwona Janice kwa mara ya kwanza. Dalmas ndiye aliyetaka kumwoa Janice wetu, na kwa ujinga wa wanaume alikuwa amekwisha kumfikishia maneno ya mama yake: "Hao watoto wa Lavington hula mkate. Atanilisha nini mimi?" Tangu siku hiyo msichana wa watu hakulala vizuri. Aliniapisha kwamba ugali atausonga yeye mwenyewe, nami nisimame kando nimwelekeze. Tulifanya mazoezi mwezi mzima. Mwanzo alitoa uji, halafu akatoa matofali, lakini kufikia Ijumaa alikuwa anageuza ugali mpaka nikamwonea fahari.

Basi kuku ameiva, mboga ya sukuma imeshuka, tumebandika maji ya ugali, moto ukakohoa mara mbili ukazima. Nzioka, mlinzi wetu, alikimbia na mtungi kwenye toroli akarudi nao vilevile, mtupu.

"Kote hakuna," akasema. "Wanasema labda Jumanne."

Jiko la makaa Mama Janice alilipiga marufuku tangu moshi ulipoharibu mapazia yake. Naye mwenyewe alikuwa ameshakwenda mjini na Dalmas kumpokea mgeni.

"Anti Munyiva, si tutumie ile jiko mum alitoa Dubai?" Janice akasema.

Lilikuwa bado ndani ya boksi. Kitu chembamba, cheusi, kioo juu, hakina moto wala waya unaowaka. Mimi ningedhani ni mizani ya kupimia mtoto. Tulilichomeka kwenye stima, nikaweka sufuria yangu kubwa. Likalia tii, tii, tii, likazima.

Shida nikaijua papo hapo: masizi. Jiko safi namna ile haliwezi kukubali sufuria yenye tako jeusi. Hata ningekuwa mimi nisingekubali. Nikapiga magoti na waya wa kusugulia, nikasugua mpaka nikaona meno yangu. Nikairudisha. Tii, tii, tii. Nikachukua ya pili, ya tatu. Nilizisugua saba, zikajipanga sakafuni ziking'aa kama za bibi arusi, na jiko likazikataa zote saba. Nililitukana kwa Kikamba.

Hapo ndipo Janice alipofungua kijitabu chake. Sisi maelezo huyasoma kitu kikishatushinda.

"Anti, hizi zote ni aluminium! Haiwezi kushika. Inataka chuma, kitu inanasa magnet."

Akabandua sumaku ya nanasi iliyokuwa mlangoni mwa friji, tukaanza kuzunguka nayo nyumba nzima. Sumaku ilishika panga. Ikashika pasi. Ikashika geti.

"Geti iko sawa kabisa," Nzioka akasema, "lakini haiingii jikoni."

Sikucheka. Saa sita ilikuwa imepita, na Janice machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ndipo nikasikia klak! nyuma ya nyumba. Nanasi lilikuwa limenasa kwenye sufuria nzito ya chuma, tako bapa, iliyoletwa na marehemu nyanya yake Janice alipohamia kwetu kutoka Limuru. Ila kwa miaka mitano tangu afariki ilikuwa sahani ya Bosco, mbwa wetu, na Bosco alikuwa amesimama juu yake akisubiri chakula chake.

"Hapana," nikasema.

"Anti, ni hii ama ni mkate."

Akamnyang'anya. Mtoto niliyemfahamu akiogopa hata kuosha kijiko alichuchumaa chini na gauni lake jipya, akasugua kwa jivu la majani aliyochoma Nzioka, mchanga na sabuni. Kucha mbili zilivunjika. Tukaichemshia maji mara tatu, tukamwaga mara tatu. Jiko halikulia hata kidogo. Maji yalitokota kabla sijamaliza kushangaa, na Janice akausonga ugali wake mwenyewe.

Walipofika, Mama Dalmas akakaa mezani. Alikula, akaongeza, akaongeza tena, mimi nikimchungulia kutoka mlango wa jikoni. Mwishowe akajifuta mikono.

"Na ukoko? Nileteeni na sufuria yake, nikwangue mwenyewe."

Janice akaileta, mgeni akakwangua kipande cha kwanza. Lo! Bosco alikuwa kwenye veranda. Aliingia moja kwa moja, hakumsalimu mtu, akaiuma sufuria mkono wake na kuanza kuivuta.

Mama Janice akaduwaa. "Janice, hiyo si ni..."

Mimi nilikuwa na uongo wangu tayari, kwamba mbwa ana wazimu. Janice akanitangulia.

"Ni yake, mama," akamwambia mgeni. "Gesi iliisha, na hii jiko ilikataa zingine zote. Nimeiosha vizuri sana. Lakini ni ya Bosco."

Mama Dalmas akauweka chini ule ukoko. Akaishika mikono ya Janice, akaigeuza, akazitazama zile kucha zilizovunjika na jivu lililobaki kwenye pindo la gauni. Kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

"Huyu Bosco amekula?"

"Bado."

"Siwezi kula mwenye sufuria akiwa na njaa." Akakata tonge kubwa la ugali wake, akaongeza na nyama, akaliweka ndani ya sufuria. Halafu akamgeukia mwanawe. "Dalmas, hao wa mkate niliokwambia wako wapi?" Akamrudia Janice. "Na wewe, nyathina, mwanangu, ukija nyumbani hilo jiko liache hapa. Njoo na mikono hii tu."

Janice alilia palepale mezani, nami nikalia mlangoni bila haya, huku Bosco akiilamba sufuria yake ikawa safi kuliko tulivyoisugua sisi.