Kumpasua Ruksa

Alhamisi asubuhi mradi wa Mzee Cletus ulikutwa umekufa, miguu juu, macho wazi, na jani la mchicha likining'inia mdomoni, kama karani aliyefia kazini na kalamu yake.

Mradi wenyewe ulikuwa sungura mmoja, dume, mweupe, mnene, jina lake Ruksa. Chama cha ushirika kilipofunga ghala la korosho na kuwarudisha makarani nyumbani, kila mtu pale Mitwero alianzisha mradi. Huyu akafuga kuku, yule akakaanga maandazi, mwingine akanunua baiskeli na kuikodisha. Cletus alikwenda kwa masista wa misheni akarudi na sungura wawili, dume na jike, pamoja na kijitabu cha ufugaji ambacho alikisoma mara mbili na kukipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Jike likafa mwezi wa kwanza. Dume likabaki mgane, na mgane peke yake hazai kitu. Lakini Cletus hakukubali hata siku moja kwamba amefuga mnyama wa kumpapasa, kama Mzungu. Ukimuuliza alikujibu, "Mradi uko katika hatua ya maandalizi." Na hapo hatua yenyewe imejilaza juu ya miguu yake barazani, inatafuna mkeka.

Jina alipewa na majirani. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kilichokatazwa jana kilikuwa ruksa leo. Sabuni zilirudi madukani, nguo za mitumba zikauzwa mchana kweupe, na sungura wa Cletus akawa anaingia bustani za watu bila kupiga hodi.

Bustani aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Abdulatifu, muuza mitumba, ambaye nyuma ya kibanda chake alikuwa na matuta manne ya mchicha. Abdulatifu huyu alikuwa mtani wa Cletus. Koo zao zilitaniana tangu kwa mababu, na wao wawili waliutumikia utani huo kama watu walioajiriwa. Kwa miaka thelathini na miwili haikupita siku Abdulatifu asimwite Cletus mla panya, na Cletus asimjibu kwamba nguo anazouza amewavua maiti. Mama yake Cletus alipofariki, Abdulatifu alishuka kaburini akajilaza humo, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana marehemu alikuwa na mdomo mrefu na shimo walilochimba halimtoshi. Waombolezaji walicheka huku kamasi zinawatoka. Cletus alicheka kuliko wote, na ni kicheko kile kilichomvusha siku ile.

Sasa, Jumamosi iliyopita, mbele ya wateja, Abdulatifu alimwinua Ruksa kutoka kwenye tuta la mchicha, akamning'iniza hewani.

"Cletus! Mwizi wako huyu hapa! Namuua! Namuua kabla ya Ijumaa, na utamlilia kuliko ulivyomlilia mama yako!"

Wateja walicheka. Cletus alicheka. Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Alhamisi iko kabla ya Ijumaa," alisema Bi Ziada, jirani wa uani, akiwa amesimama juu ya mzoga na mikono kiunoni. "Mimi simo. Mimi nahesabu siku tu."

"Ule ulikuwa utani," alisema Cletus.

"Ndiyo, utani. Lakini dawa ya panya si inauzwa kila duka siku hizi? Mimi simo."

Akaondoka kwenda kutokuwemo nyumba ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Anjelina, mkewe Cletus, alitoka na jembe. "Baba Angela, mzike tuendelee na shughuli."

"Hazikwi mtu hapa. Apasuliwe."

"Apasuliwe?"

"Ufanyike uchunguzi wa maiti. Kitaalamu."

"Sungura kafa. Ukimpasua atafufuka?"

 Cletus alikuwa mtu wa kusoma, alihudhuria masomo ya jioni kwa miaka minne bila kukosa hata siku ya mvua, na aliamini kwamba jambo likishaandikwa na mtaalamu, ugomvi umekwisha. Akamtuma mwenye baiskeli akamwite Sixbert.

Sixbert alikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka alipopunguzwa. Sasa alikuwa na duka la dawa za mifugo Lindi mjini, karibu na stendi, na koti jeupe alilosahau kurudisha. Alifika saa tano, akaamkia, akaitikiwa, akafungua begi juu ya meza barazani.

"Nimeambiwa kuna uchunguzi wa mzoga."

"Wa maiti," alisema Cletus.

"Mzee, kwa mnyama tunasema mzoga. Hata fomu imeandikwa hivyo."

"Ana jina huyu."

Sixbert aliamua kutobishana na mteja. Akambonyeza Ruksa tumbo, akamfunua mdomo. "Sungura, mzee wangu, hufa kwa lolote. Hufa kwa minyoo, hufa kwa gesi, hufa kwa majani yenye umande. Nimeona aliyekufa kwa sababu mbwa amembwekea. Kwa nje sijui. Lakini kama ni dawa ya panya, nikifungua nitakuta damu imejaa tumboni. Hiyo haifichiki. Nifungue?"

"Ngoja kidogo," alisema Cletus.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumwelemea. Asubuhi nzima alikuwa amejishughulisha na neno "kitaalamu", na sasa kisu kilikuwa mezani, kimechemshwa, kinang'aa. Alikaa kwenye ngazi. Anjelina akaja akakaa kando yake.

"Unaogopa damu?"

"Mama Angela, sikiliza. Kama mtu huyu kweli alimwekea sumu, basi alimaanisha. Na kama alimaanisha hili, amemaanisha mangapi? Miaka thelathini na miwili ananiita bwege, mla panya, kichwa cha nazi kavu. Nimecheka kila siku. Kumbe labda nilikuwa natukanwa tu, na mimi nachekelea!"

Anjelina alifungua mdomo ili amwambie kwamba kichwa chake kweli kimekaa kama nazi, akaona si wakati wake.

Ndipo ikasikika sauti mlangoni.

"Hodi. Hodi hapa."

Waliangaliana. Hakuna mgeni aliyetegemewa. Akaingia Abdulatifu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na siku yenyewe si ya sala ya Ijumaa. Kwa miaka yote ile hajawahi kupiga hodi nyumba hii. Siku zote aliingia akitukana tangu barabarani, ndivyo walivyojua kuwa ni yeye.

"Karibu, mchuuzi wa sanda," alisema Cletus.

"Ahsante sana, Bwana Cletus. Nimekuja kukupa pole kwa msiba."

Bwana Cletus! Mara ya mwisho kuitwa hivyo ilikuwa ofisini kwa meneja, siku aliyokabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi. 

Abdulatifu aliletewa kiti, akashukuru. Aliletewa maji, akashukuru. Akakaa wima, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Hiyo kanzu," Cletus alijaribu tena, "umemvua marehemu gani?"

"Ni yangu, Bwana Cletus. Ahsante kwa kuuliza."

Anjelina, ambaye hakumlilia sungura, alishika upindo wa khanga akafuta macho.

"Nimesikia kwa majirani," Abdulatifu aliendelea kwa adabu ile ile ya kutisha, "kwamba unataka apasuliwe ili ijulikane kama mimi ni muuaji. Ni haki yako. Bwana mifugo, tafadhali endelea na kazi. Mimi nitashuhudia."

"Nifungue?" aliuliza Sixbert.

"Ngoja!" alisema Cletus.

"Wazee wangu, jua linapanda, na huyu mgonjwa ameshaanza kutoa harufu."

Cletus aliitazama meza. Kisu kile kilikuwa na majibu mawili, na yote mabaya. Ikikutwa damu, amepoteza mtani. Isipokutwa, amempoteza pia, kwa kuwa atakuwa ni mtu aliyempeleka mtani wake mbele ya kisu kwa sababu ya sungura. Tayari alikuwa amempoteza nusu. Nusu hiyo ilikuwa imekaa pale kwenye kiti, inasema ahsante.

"Funga begi lako, Sixbert. Hapasuliwi."

Abdulatifu akasimama. "Hapana. Hapo utakuwa umenidhulumu. Akizikwa hivi, Ziada ataniita muuaji mpaka siku ya kiama. Apasuliwe, jina langu lisafishwe."

"Lisafishwe la nini?" Cletus naye akasimama, na ghafla sauti ikamrudia, ile ya siku zote, ya kusikika mpaka barabarani. "Muuaji si ni wewe! Nani asiyejua? Umemuua wewe! Na kama hukumuua, basi umechelewa tu, kwa uvivu wa ukoo wenu ambao hata kuua sungura ni mpaka mfanye kikao! Bi Ziada! Bi Ziada, najua uko nyuma ya ua hapo!"

"Mimi simo," ilisema sauti nyuma ya ua.

"Waambie wote! Muuaji ni Abdulatifu, kaua kwa utani! Wewe Latifu, ulipokula jogoo wangu wa Krismasi, nilikushitaki? Nilimwita Sixbert akupasue tumbo nimwone jogoo wangu? Mtani kaniulia sungura, nikamshitaki kwa nani? Kesi imekwisha. Umehukumiwa. Nenda zako, au kaa, shauri yako!"

 Sixbert aliacha kufunga begi. Abdulatifu alikuwa amekaza uso, na Cletus, akihema, aliona kwamba amekwisha cheza karata zake zote na hana nyingine.

Abdulatifu alisogea mezani polepole. Akamwinamia marehemu, ambaye Anjelina, mara tu aliposikia hapasuliwi, alikuwa amekwisha mfunga kwenye kipande cha nguo tayari kwa kuzikwa, masikio nje. Akakitazama kile kitambaa. Akakishika kwa vidole viwili.

"Shemeji Anjelina. Hili si sweta?"

"Ni sweta," alisema Anjelina. "La mtoto. Nililinunua kwako."

"Sweta la sufu. Katika joto la Lindi." Alimgeukia Cletus. "Mnamfungia safari ya kwenda Iringa? Hata malaika akija kumfufua, huyu atakufa mara ya pili kwa jasho! Masomo yote yale ya jioni, Cletus, miaka minne, na kichwa bado kiko tupu kama debe la mafuta ya taa!"

 Cletus akaegemea nguzo ya baraza.

"Tumekosea kununua kwako," alisema. "Lilikuja na chawa wake kutoka Ulaya. Labda ndio waliomuua."

"Chawa wangu ni wa daraja la kwanza! Hawaingii kwa sungura wa kimaskini!"

"Lakini wazee," alisema Sixbert, begi mkononi, koti jeupe limemlowa mgongoni, "kwa ajili ya kumbukumbu zangu tu. Niandike amekufa kwa nini?"

 Abdulatifu alikuwa amevua kanzu na kuitundika kwenye msumari, na yeye na Cletus walikuwa wakigombania jembe, kila mmoja akisema mwenzake hajui hata upande gani unaokata. Hamu ya kujua ilikuwa bado imo ndani ya Cletus, hilo hakulikana. Lakini ilikuwa ndogo, kama punje ya mchanga kwenye wali. Aliimeza, akamnyang'anya mtani wake jembe, akaanza kuchimba.