Mkono wa Kulia wa Sjur

Itangazwe kwa mataifa yote, na wenye kofia wazivue: ngozi ya Sjur Haugland, mwanafunzi wa bweni, ilikuwa imeishinda sayansi. Kwa usahihi zaidi, ilikuwa imemshinda Daktari Gunnvor, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameshindwa pia na mlango wa ofisi yake, akaingia akifuta viganja kwenye koti.

Mwanzoni mwa baridi daktari huyo hakuwa na shaka. Aliyakagua mabaka mekundu yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti na vidole vya mikono yote miwili, akasema ni soriasisi: haiambukizi, haiondoki moja kwa moja, ila hutulizwa. Akampa marhamu ya kupaka kila jioni. Ikishindwa, alisema, watafikiria mengine, labda hata kumpeleka Gran Canaria, kisiwa cha joto kusini, akaote jua kwa gharama ya serikali.

Hilo la mwisho Sjur alilitamani. Mjomba Oddvar, mwenye ngozi kama hiyo, aliwahi kwenda huko. Alisimulia kuhusu watu wazima waliojilaza ufukweni kama sili, mabaka nje, na hakuna aliyemkodolea mwenzake macho. Sjur alikuwa amemaliza kiangazi kizima kwenye gati la kwao akiwa na sweta, wenzake wakiruka majini, yeye akidai ana mafua. Basi akataka jambo moja tu: dawa ishindwe.

Tatizo ni kwamba nesi wa shule alikagua tyubu kila wiki kuona kama inapungua. Kwa hiyo kila jioni Sjur alichota marhamu kwa vidole na kumpaka Halvard, mlezi wa bweni. Si Halvard mwenyewe. Kishikio cha mlango wake. Bweni zima lilinyamaza kumsikiliza mzee akipambana na mlango, akilalamika kwamba majengo ya siku hizi yanatoka jasho.

Sasa Gunnvor alimgeuza Sjur huku na huku kama samaki sokoni.

"Viwiko vimezidi. Magoti yamezidi. Mkono wa kushoto ndio usiseme," alisema. "Wa kulia umepona. Kwa nini?"

Sjur aliutazama. Vidole vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, na yeye mwenyewe hakuelewa. Daktari aliuliza kama huvaa glavu moja, kama hulala mkono ukiwa dirishani. Sjur alijibu hapana, kwa ukweli mtupu, jambo lililomchosha. Gunnvor akaanza kuutilia shaka uchunguzi wake mwenyewe; akataja kukata kipande cha ngozi kikapimwe. Sjur akawaza kwamba huenda ugonjwa ukapewa jina lake.

"Hebu, kijana. Marhamu unachota kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Halafu unapaka wapi?"

Hapo ndipo Sjur alipoelewa, na akatamani asingeelewa.

"Kwa Halvard," alisema.

"Halvard ana soriasisi?"

"Hapana. Ana mlango."

Akaeleza yote, mpaka sweta na gati. Gunnvor hakucheka. Alimwambia kwamba dawa iliyoponya vidole ingeponya na viwiko, na kwamba akianza leo, kiangazi kijacho huenda akavua sweta kwao kwao. Kisha akaugeukia mlango wa ofisi yake.

"Huo pia," alisema Sjur.