Mtani wa Dionisia

Nilifika Nachingwea mwaka 1948, nikawa utingo wa trekta katika mashamba ya karanga ya Waingereza. Miaka mitatu baadaye karanga zilikuwa zimewashinda, kambi zinafungwa, na mimi Eustakio nimebaki na suruali mbili na cheti cha ubatizo. Wenzangu walirudi makwao. Mimi ni Mngoni, lakini wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na mapadri. Nikisema kwetu, nina maana ya bweni la misheni.

Basi nikamwendea padri, nikamwuliza Mungu ananitakia nini hapa duniani. Padri hakuzunguka mbuyu.

"Kuna kitongoji kimoja mbele ya Nkowe," alisema. "Kina Mkristo mmoja. Nenda ukawe katekista wake."

"Mmoja, baba?"

"Mchungaji aliwaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja."

Ni kweli, lakini yule mchungaji alikuwa na tisini na tisa wa kurudia. Mimi sikuwa nao. Nilikwenda hivyo hivyo, nimenuna njia nzima.

Mkristo mwenyewe alikuwa Bi Dionisia, mjane wa Kimwera asiye na mtoto, aliyebatizwa hospitali ya misheni alipolazwa kwa ajili ya mguu. Nilijenga kanisa la miti na nyasi, la kutosha watu arobaini. Kila Jumapili aliingia yeye, akavuta ugoro wake, na kabla rozari haijafika katikati alikuwa anakoroma. Wengine wote kitongojini walikuwa Waislamu. Hawakunifanyia ubaya. Sikukuu zao waliniletea pilau, na njiani tulisalimiana vizuri, lakini salamu ikiisha kila mtu na njia yake. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa nazungumza na sufuria.

Mwaka wa pili nikamwekea Mungu sharti. Masika yakiisha bila mtu wa pili kuingia kanisani, naondoka. Niliamini kwamba Mungu akimtuma mtu kazi, humpa na watu. Asiyepewa watu hakutumwa, alipotea tu.

Masika hayajafika nusu, Dionisia akafa.

Wanawake walimwosha, wakiongozwa na Sikuzani, binti wa kaka yake. Wanaume waliacha palizi wakaja kuchimba kaburi. Nilishangaa kuwaona wengi namna ile. Nikafungua kitabu changu cha sala, nikaanza kunyunyiza maji ya baraka, na mara mzee Swalehe akawapita watu, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali.

"Nyumba yangu hii!" alipiga kelele. "Dionisia haingii humu! Mchoyo wa ugoro huyu, akalale kwa wachoyo wenzake! Mkimtaka aingie, leteni kuku!"

Kisha akainuka, akachechemea humo humo shimoni kwa mguu mmoja, sawasawa na marehemu. Watu wakacheka. Msibani, wakacheka!

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Niliona wanaichezea sala yangu, na wanamcheka Mkristo wangu wa pekee. Nikatupa kitabu, nikamshika mzee wa watu mkono nikamvuta nje.

"Toka, mpagani mkubwa! Heshimu maiti ya watu!"

Kicheko kikakatika. Swalehe akajipangusa udongo, akanitazama, akaondoka. Wanaume wakamfuata mmoja mmoja. Aliyebaki kunisaidia kumteremsha Dionisia ni Sikuzani tu, naye hakunitazama usoni. Kaburi nililifukia peke yangu hadi alasiri.

Asubuhi yake Sikuzani akaja mlangoni kwangu, macho mekundu.

"Mwalimu, shangazi angu umemzika kama mbwa wa njiani."

"Mimi? Nimemsomea sala zote!"

"Umemfukuza mtani wake. Ukoo wa mzee Swalehe na wetu ni watani tangu mababu. Asipolala kaburini yeye, asipomtukana marehemu tukacheka, tukamlipa kuku wake, nani atajua kwamba aliyezikwa ni mtu mwenye watu? Nyie kwenu hamna watani?"

Kwetu Ungoni wapo, tena wakali. Kwetu bwenini hawakuwapo. Mapadri walituambia ni mambo ya kishenzi, nasi tukaamini. Nilijisikia vibaya, nikatoka kwenda kwa mzee.

Nilimkuta Swalehe anachonga mpini wa jembe. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, mzee. Sikujua."

Akachonga kwanza. Halafu akauliza, "Mwalimu, weye ukifa hapa, nani ataruka kaburini mwako?"

Nikafikiri kweli. Nikapita moyoni bwenini, kambini, kanisani.

"Hakuna," nikasema.

"Ndivyo alivyosema Dionisia. Nilimcheka mie. Nikamwambia, bibi weye, kila Jumapili waenda kusinzia mle ndani, wafuata nini? Akanambia, Swalehe, yule kijana hana mtu. Nilimwomba Mungu mtoto tangu ujana wangu, kaniletea uzeeni. Kazi yangu iliyobaki ni kukaa naye."

Nililia mbele ya mzee yule bila haya. Miaka miwili nilimwona yule bibi kuwa kazi niliyopewa, tena kazi ndogo isiyonifaa. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa kazi yake, na yeye aliifanya bila kunung'unika, mguu unamuuma, mvua ikinyesha.

Swalehe akaweka panga chini. "Inuka. Twende tukamtukane, kabla hajafika mbali."

Tulikwenda, na watu wakatufuata. Alimtukana Dionisia mpaka jua likawa kali. Mimi nilicheka na kulia pamoja, na yule kuku aliyemdai nilimtoa mimi.

Masika yakaisha. Hakuna aliyeingia kanisani, na sitasema uongo, upweke haukwisha. Jumapili ile nilisali peke yangu, nikamwambia Mungu sina tena sharti. Nikafunga kitabu, nikaenda ukingoni mwa kitongoji kwa Mbaruku, kipofu asiye na mke wala mtoto. Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Eustakio, yule mwalimu wa kanisa."

"Umekuja kunibadilisha dini?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kukaa na wewe."

Nikamsikia anapapasa ukutani, anatafuta kigoda cha pili.