Panya Namba Kumi na Saba Anauliza

Jana mchana, baada ya wali maharage, nilisinzia kwenye kiti cha chumba cha panya pale chuoni, nikaota panya namba kumi na saba ananisalimia.

"Shikamoo, dada Zamoyoni."

"Marahaba," nikaitikia. Salamu haijibiwi kwa kukodoa macho.

Mimi ndiye ninayewatunza panya wa utafiti wa Dokta Mbonde. Kila mmoja ana kidonda mgongoni, kama kifungo cha shati. Nusu yao tunawamulika kila siku kwa leza hafifu, ile isiyounguza, tuone kama watapona upesi. Nusu nyingine tunawawekea mashine hiyohiyo ikiwa imezimwa. Kumi na saba yumo humo.

"Leo siku ya tisa," akasema. "Unaniwekea taa, unahesabu dakika mbili, unasema, 'Pole, tumemaliza.' Tumemaliza nini?"

Akanigeuzia mgongo. "Ingia mwenyewe uone."

Naingia kidondani. Ndani mafundi wamekaa juu ya ndoo wanacheza karata. Mlangoni pana kufuli.

"Mbona hamfanyi kazi?"

"Si mlitaka kidonda kifunge?" anasema msimamizi wao. "Tumefunga."

Pembeni leza amesimama, ameshika kofia mkononi. Anaongea kwa sauti ya chini sana. Anasema nguvu zake ndizo hizo.

"Huwaki?" namuuliza.

"Hapa nina ruhusa ya kuwepo tu. Ya kuwaka sina."

Swichi yake ilikuwa karibu na mkono wangu. Nilimwonea huruma yule panya, kweli kabisa. Lakini ningewasha, utafiti wote ungekuwa uongo.

"Jamani," nikawaambia, "niliwaficha ukweli. Mwanga hamtapata. Wenzenu wanao. Bila ninyi hatutajua kama mwanga unasaidia au wangepona tu wenyewe."

Msimamizi akaweka karata chini.

"Kumbe na sisi tuna kazi! Ungesema tangu siku ya kwanza, dada."

Wakavunja kufuli, wakaanza kutandaza ngozi mpya, polepole, bila taa. Nikarudi nyuma kuwapisha.

"Zamoyoni!"

Nikazinduka. Dokta Mbonde alikuwa amemshika kumi na saba, rula mkononi.

"Huyu naye ameanza kufunga," alisema. Kisha akasogeza miwani. "Ila hii alama kwenye ngozi mpya, mbona kama ya soli ya kiatu?"

Nikavuta miguu, nikaificha chini ya kiti.