Kivuli Kilichobaki Wodini

Jua lilikuwa limeshapanda, na binti alikuwa bado amelala chali, macho makavu, akiangalia dari. Dirisha lilizibwa kwa blanketi, kama mtaalamu wa usingizi alivyoagiza kwenye semina ya wauguzi wa zamu ya usiku. Chai ameacha. Simu iko jikoni. Vidonge amemeza. Usingizi, ng'o.

"Baba, jana nusura nimchome mtoto sindano ya mwenzake. Mama yake ndiye aliyenidaka mkono."

Baba akamtuma uani akaanue nguo, naye akasimama mlangoni kumchunguza. Kuhusu hospitali ile alikuwa na wasiwasi wake tangu zamani. Nguo zilikuwa na vivuli, kamba ilikuwa nacho, hata kuku wa jirani. Binti hakuwa nacho.

"Kivuli umekiacha wapi?"

"Kazini, itakuwa."

"Nilijua tu. Wakubwa wa hospitali hawatoi semina bure."

Akavaa viatu, akaenda hospitalini. Wodi ya watoto ilikuwa na muuguzi mmoja mwenye mwili. Waliobaki walikuwa vivuli, wakibadilisha dripu na kupima homa. Cha binti yake alikitambua kwa bega lililolala upande. Mtoto mmoja alikuwa amekishika kidole.

"Mzee, muda wa kuona wagonjwa bado," alisema mkuu wa wodi.

"Nimefuata kivuli cha mwanangu. Atalalaje, nusu yake iko zamu?"

"Usingizi mwachie mtaalamu. Ameleta dawa mpya, ya matone."

"Panya nyie! Mnang'ata huku mnapuliza."

"Haya, kichukue. Ila huyo mtoto utamshika wewe?"

Baba alimtazama mtoto. Kidole hakikuachiwa. Akarudisha mfukoni mkono aliokuwa ameunyosha kukichukua.

Pale mlangoni alipishana na kivuli kinachosukuma toroli ya dawa. Mwendo ule aliujua. Aliishi nao ndoa nzima. Ulikuwa wa mkewe, muuguzi wa usiku kama binti, na kaburi lake lilishaota majani.

"Na huyu? Si tulimzika?"

"Mlizika mwili," alisema mkuu wa wodi. "Zamu yake hawajaleta mtu."

"Habari za kazi, mke wangu?"

Kivuli kilimpungia mkono bila kusimama. Kwenye kitanda cha mwisho kulikuwa na mtoto analia.

Nyumbani, binti alikuwa amejilaza tena.

"Umekipata?"

"Nimekiona. Kiko na mama yako."

"Amesemaje?"

"Hakupata nafasi."

Binti akageukia ukutani, macho wazi. Baba akalivuta blanketi la dirishani, akaziba upenyo uliobaki.