Njaa Ndani ya Yai

Nguruwe jike wa Bernadette alikuwa amepandishwa mara kadhaa bila kushika mimba. Alipochinjwa, Glodie, binti wa Bernadette aliyesomea udaktari wa mifugo, aliomba ovari zake, vifuko vya mayai ya uzazi, akazitia katika termosi ya maji vuguvugu yenye chumvi na kuzipeleka chuoni.

Bernadette hakutulia. Alifagia banda lililokwisha kufagiwa, akatoka hadi barabarani, akarudi, akatoka tena.

Glodie alirudi jioni. "Mama, mayai iko. Lakini mengi ni mabovu."

"Nani aliyaharibu?"

"Njaa. Miezi yote hii alikula maganda ya muhogo tu. Kila yai linabeba jeni, njo maagizo yake. Njaa haiyafuti. Inafanya mengine yasisomwe wakati yai linakomaa, na yai linatoka bila nguvu."

Bernadette alikaa, akasimama. Wakati wa vita, mji wao wa Kindu ulipozingirwa, chakula hakikuingia kutoka Kibombo wala kwingineko. Glodie alikuwa mtoto mchanga. Kidogo kilichopatikana alipewa mtoto. Bernadette mwenyewe alichemsha majani, akala hayo. Tangu hapo kila mimba aliyoipata Bernadette ilitoka. Wifi yake Nicole alisema mbele za watu kwamba tumbo lile limelaaniwa. Mumewe Elie akaenda kwenye machimbo ya Kampene, asirudi.

"Na kwa muntu? Njaa inafanya vile vile?"

Glodie alielewa anachoulizwa. "Sijapima muntu, mama. Nguruwe akianza kula vizuri, mayai yanayofuata yanaweza kuwa mazuri. Lakini yako ya wakati ule, nitayaona wapi? Labda njaa. Labda kitu kingine."

"Na laana?"

"Laana sikuiona popote."

Bernadette alijifunga kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga upya.

"Unaenda wapi?"

"Kwa shangazi yako."

"Mama, usimuambie ni njaa! Sikusema vile."

"Nitamuambia vile ulisema. Kama sisi hatujui, na yeye hakujua wakati alisema ni laana."

Alikwenda mbio mbio, akawapita majirani bila kuwasalimu. Nicole alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Bernadette alisimama mbele yake akihema, asijue aanzie kwa nguruwe au kwa watoto aliowapoteza.

"Wifi," alisema, "weka mchi chini. Leo utanisikiliza."

Nicole alimtazama usoni, akauweka.